Matundu Mangapi?

Harufu ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, anayekaangwa kwa mafuta yake mwenyewe hunisimamisha hadi leo. Wengi waliokulia Kisumu miaka ile huisikia harufu hiyo wakakumbuka jikoni kwa mama, ugali wa moto, na kugombania kichwa cha samaki. Mimi huisikia nikashtuka, kama mtu aliyeguswa bega katika chumba alichodhani hakina mtu. Hunirudisha kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yetu, kwenye siku chache nilipokuwa darasa la tano, na kwenye neno moja nililomwambia baba kwa mzaha. Neno lenyewe lilikuwa "mawili". Nitalieleza polepole, maana usipoijua kazi ya baba hutaelewa jinsi neno dogo kama hilo lilivyoweza kumwangusha mtu mzima.

Baba alikuwa fundi wa shokabsoba. Injini hakuigusa, breki hakuigusa. Ukimletea gari linalotoa moshi, alikuelekeza kwa jirani. Lakini gari likianza kuyumba kama mlevi, au pikipiki ikimtupa mwenyewe kwenye kila tuta, watu walisema, "Peleka kwa Baba Akinyi." Akinyi ni mimi.

Kazi yenyewe si fumbo. Gari likiingia shimoni, springi hubonyea kisha ikarudi. Tabu ni kwamba springi ikiachwa peke yake haijui kuacha. Hurudi, hubonyea, hurudi tena, gari likaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Kwa hiyo pembeni ya springi huwekwa shokabsoba. Ndani yake mna oili, na ndani ya oili mna kisahani kinachoitwa pistoni, kilichotobolewa matundu. Gari likiruka, oili hulazimika kupenya kwenye matundu hayo, na kwa kuwa hupenya kwa shida, mruko hutulia. Matundu yakiwa machache, shokabsoba huwa ngumu. Yakiwa mengi, huwa laini. Ni hayo tu. Ukiwa umeelewa hayo, umeelewa kilichotupa chakula na karo.

Sifa ya baba ilikuwa mkono wake. Aliishika shokabsoba, akaisukuma fimbo yake ndani mara mbili tatu, kichwa kimeinama upande kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, kisha akasema, "Hii imeingia maji," au, "Hii iko na hewa." Ilipofunguliwa, ndivyo ilivyokuwa. Kuna madereva waliokuja kumpinga na wakaondoka wakitikisa kichwa.

Mwaka ule mambo yalikuwa yamepoa. Wateja walipungua. Baba alikuwa ameihamisha meza yake ya kazi kutoka kivulini nje na kuiingiza ndani ya kibanda, pembeni kabisa, akisema jua linamchosha. Njiani aliwapita watu bila kuwasalimu, na jirani mmoja alimwambia mama kwamba mume wake ameanza maringo. Mimi sikuyaona hayo. Nilichokiona ni kwamba baba, ambaye zamani alinifukuza kibandani nisije nikakatwa na chuma, sasa aliniita kila nilipotoka shule.

"Nyara," aliniita, yaani binti yangu, "hebu soma hapa. Imeandikwa namba ngapi?"

"Kumi na saba, Baba."

"Vizuri sana. Na hii waya ni ya rangi gani?"

"Ya kahawia."

"Vizuri sana."

Nilidhani ananipima. Na kwa nini nisidhani hivyo? Mwalimu wetu wa hesabu alituuliza kila asubuhi saba mara nane ni ngapi, na hakuna aliyeamini kwamba mwalimu hajui. Kwa akili yangu, mtu mzima huuliza kile anachokijua tayari, ili aone kama wewe unakijua. Basi nilijibu kwa sauti, nikasimama wima, na kila "vizuri sana" iliniongezea kimo.

Siku moja akaja Bwana Kanti. Alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli mjini, mzee wa Kihindi mwenye nywele nyeupe na kalamu mbili mfukoni mwa shati. Baba alikuwa amewahi kumtengenezea gari lake. Siku hiyo alibeba sanduku la karatasi ngumu kifuani, kama mtu anayebeba keki.

"Fundi," alisema, "usinicheke."

"Sijacheka bado."

"Ni gari. Lakini ndogo." Alifungua kifuniko. "Ndugu yangu amenitumia kutoka ng'ambo. Inaendeshwa na rimoti."

Nilisogea. Lilikuwa gari la urefu wa mkono wangu, lenye umbo la teksi ya kawaida kabisa, chini chini, na magurudumu ya mpira laini. Halikuwa la kukimbia mchangani. Lilitaka barabara nyororo. Bwana Kanti na wenzake, wafanyabiashara na daktari mmoja wa meno, walikuwa wakishindana Jumapili mchana kwenye uwanja wa simenti wa ghala moja kuukuu la pamba karibu na gati.

"Shoki zake nilifunga mwenyewe," alisema. "Jumapili ilipinduka mbele ya watu wote kama kobe. Wajukuu wangu walinicheka mpaka wakalia. Nimenunua shoki mpya, nne, ziko vipandevipande. Wewe zifunge."

"Bwana Kanti, mimi nimefunga shoki za lori. Hii hata njiwa akikaa itavunjika."

"Ndio maana nimekuja kwako. Wenzangu wote wanafunga vibaya. Wakiona yangu imetulia Jumapili, watauliza ni nani. Wataleta zao zote, na magari yao makubwa pia."

Baba alipitisha kiganja chake juu ya vile vitu bila kuinua hata kimoja. Mama, aliyekuwa akitoa magamba ya samaki mlangoni pa jikoni, alicheka kwa sauti. "Mzee mzima na gari ya kuchezea! Baba Akinyi, utavaa na kaptula?"

"Jumamosi asubuhi," baba akamwambia Bwana Kanti. "Njoo uchukue."

Nilijua kwamba kazi hii ni kubwa kuliko ilivyoonekana. Nilijua kwa sababu jioni hiyo mama hakutania tena. Alisema tu, "Hiyo Jumapili ikienda vizuri, watu watarudi," na baba akaitika, "Watarudi."

Shokabsoba zile zilikuwa na urefu wa kidole changu cha mwisho. Silinda ya plastiki nyeusi, fimbo ya chuma nyembamba kama mchokoo wa meno, pete ndogo za mpira za kuzuia oili isivuje chini, klipu za kushikilia pistoni, ambazo zilikuwa ndogo kuliko ukucha wa mtoto, na kiwambo cha mpira cha kuwekwa juu kabla ya kifuniko. Kazi ya kuvisha zile pete baba aliniachia mimi. "Vidole vyako ndivyo vinaingia," alisema, na nilimwamini.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa oili. Chupa iliyokuja nazo ilikuwa imevuja yote sandukuni, na oili ya shoki za kawaida ilikuwa nzito mno kwa vitu vidogo vile. Baba alianza kujaribu. Alichukua tone la hiki na tone la kile, akalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akatikisa kichwa. Siku hiyo mama alikuwa amenunua mafuta ya mbuta kwa wavuvi wa Dunga, vile vipande vinene vya tumboni, akayayeyusha kwenye sufuria ili akaangie. Baba alichovya kidole.

"Hii iko sawa," akasema.

"Sawa na nini? Ni ya kukaanga," mama akasema.

"Iko nyepesi. Inateleza."

"Yawa! Sasa gari ya Mhindi itanuka samaki mpaka paka waifuate."

Tulicheka, lakini baba alijaza shokabsoba moja kwa mafuta ya mbuta, na mchana ule, kwa joto la Kisumu, ilifanya kazi vizuri ajabu. Nilipewa niisukume, ilikwenda kama kitu kinachozama kwenye asali. Asubuhi, kabla sijaenda shule, baba aliishika tena. Aliisukuma mara moja tu.

"Imeganda," akasema. "Na hapa kati imeshika punje. Sikia."

Nilisukuma, sikusikia punje yoyote. Aliifungua, akamimina kwenye kifuniko cha kopo, na kweli, katikati ya yale mafuta yaliyofifia mlikuwa na vijipande vyeupe vya shahamu vilivyoganda kwa baridi ya alfajiri. Mkono wake ulikuwa umevisikia kupitia fimbo nyembamba kama mchokoo. Nilimtazama baba kama mtu anavyotazama radi. Mwishowe alichukua oili ya shoki za pikipiki akaipunguza kwa oili ya cherehani, tone kwa tone, mpaka mkono wake ukakubali.

Alhamisi alasiri ndiyo siku yenyewe. Wadudu wa ziwani, wale sami wadogo wanaokuja kwa wingu, walikuwa wametanda, na baba alikuwa amekifunika kikombe cha oili kwa kitambaa ili wasizamie humo. Nje wenzangu walikuwa wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, nasikia mpira wa makaratasi ukipiga mgongo wa mtu na kelele zikipanda. Mimi nimeketi kibandani.

Pistoni zilikuja zimeshikana kwenye fremu moja ya plastiki nyeupe, nyingine za tundu moja, nyingine matundu mawili, nyingine matatu, ili mwenye gari achague ugumu anaoutaka. Bwana Kanti alitaka zote nne ziwe za matundu mawili. Baba alizikata kwa wembe, zikamwangukia kifunikoni zikachanganyika. Kisahani kimoja kilikuwa na upana wa kifungo cha shati la mtoto, na tundu lake ni kama alama ya sindano.

Alichukua kimoja, akakishika mbele yangu. "Matundu mangapi?"

"Matatu."

Akakiweka kando. "Hiki?"

"Mawili."

"Vizuri sana." Akakivisha kwenye fimbo, akabana klipu, akaingiza silindani, akamimina oili, akaivuta na kuisukuma fimbo polepole ili viputo vya hewa vipande juu, akasubiri, akafunga. Akaisukuma, akasikiliza, akaridhika. Ikawa hivyo kwa ya pili. Ikawa hivyo kwa ya tatu.

Nilikuwa nimechoka kujibu. Nilikuwa na umri wa kujua kwamba nimefaulu mtihani huu mara elfu, na nje mpira ulikuwa ukimpata kila mtu ila mimi. Alipochukua kisahani cha shokabsoba ya nne na kuuliza, niliona vizuri kabisa tundu moja, peke yake, katikati ya plastiki nyeupe. Nikasema:

"Mawili."

Nilitaka anikamate. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu nimejieleza hivyo kwa miaka mingi na bado ni kweli. Nilitaka ageuze kisahani, acheke, aseme, "Wewe nyara, unanijaribu?" na mchezo ugeuke uwe wetu sote wawili.

"Vizuri sana," alisema, na akakivisha.

Nilibana kicheko. Nilifikiri, ngoja, atakiona anapobana klipu. Hakukiona. Akamimina oili, akafunga, akasukuma. Mkono wake ukasimama.

Alisukuma tena. Akachukua ya tatu kwa mkono wa kushoto na ya nne kwa kulia, akazisukuma pamoja. Ya tatu ilizama. Ya nne ilikataa, kama punda mlimani.

"Iko na hewa," alisema. Akaifungua, akamwaga oili, akajaza upya, akasubiri kwa muda mrefu zaidi. Akasukuma. Ilikataa. Akaifungua tena, akakagua pete kwa kidole, akaipangusa fimbo kwa kitambaa. Kisha akaichomoa fimbo yote nje na kuiinua baina yetu, ile pistoni ikiwa mwishoni, oili ikidondoka. Ilikuwa umbali wa kiganja kutoka usoni pake. Mwanga wa mlangoni uliipiga, na lile tundu moja lilionekana kama nukta nyeusi kwenye karatasi.

"Nyara, hebu niangalizie tena. Matundu mangapi?"

Nilimtazama. Macho yake hayakuwa kwenye kisahani. Yalikuwa yamegeukia kwangu, kwenye mdomo wangu, yakingoja. Na kwenye mboni zake, kwa mara ya kwanza, niliona weupe kama wa maji yaliyokorogwa unga, weupe ambao bila shaka ulikuwa hapo siku zote nilipokuwa nikisimama wima kusifiwa.

Sijui kama umewahi kuingia mtoni ukidhani maji ni ya magotini, mguu ukakosa chini. Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Namba za bolti, rangi za waya, majirani wasiosalimiwa, meza iliyokimbia jua, vyote vilinijia kwa pamoja, bila mpangilio. Baba hakuwa akinipima. Baba alikuwa haoni.

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli pale pale. Mdomo wangu ukasema, "Mawili."

Ni woga uliosema. Lakini kulikuwa na jambo jingine la kitoto zaidi, ambalo nalisema kwa sababu huenda nawe ulipokuwa mdogo uliwahi kubeba kosa ambalo halikuwa lako: nilidhani uongo wangu ndio uliomtia giza. Kwamba hadi dakika ile alikuwa akiona, na mimi kwa kusema neno lisilo kweli nimemfunga macho. Nilidhani nikilibadilisha neno, watu watajua ni nani aliyefanya hivyo.

Baba aliishusha fimbo. Sami walikuwa wakigonga mabati.

"Kama wewe unasema ni mawili, basi ni mawili," alisema taratibu. Aliutazama mkono wake wa kulia, au aliuelekezea uso. "Basi ni huu. Huu nao umekwisha."

Aliifunga ile shokabsoba ya nne jinsi ilivyo, akazifunga zote nne garini, akanawa mikono kwa mafuta ya taa na sabuni, akatoka.

Ijumaa nilirudi shuleni mbio, nikamkuta kibandani anazipaka spana zake grisi na kuzifunga kwenye matambara, moja moja, kama anavyofanya mtu anayesafiri. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Niambie tena nisikie vizuri," mama alikuwa akisema. "Kazi unaacha?"

"Naenda nyumbani Pap Onditi. Shamba liko pale."

"Shamba! Wewe mara ya mwisho umeshika jembe ni lini? Baba Akinyi, nani amekukosea?"

"Hakuna."

"Basi ni nini?"

"Mkono haujui kazi tena."

"Mkono umejua kazi miaka yote, leo umesahau? Kwani mkono unalewa?"

Baba alikuwa akitafuta kamba ya kufungia mzigo, na kamba ilikuwa pale mbele ya goti lake. Mama alidhani amekasirika hata hataki kuiokota. Akaiokota yeye, akamtupia mapajani, akaondoka. Mimi nilikuwa nimesimama na mfuko wangu wa vitabu mgongoni. Nilijua kamba ilikuwa wapi, nilijua mkono wake haukuwa na kosa, na nilijua kwamba katika dunia nzima ni mimi peke yangu ninayeyajua yote mawili. Mzigo ule haukumfaa mtoto. Leo mtoto akinijia na uso wa namna ile, humketisha kwanza, nikampa chai, nikangoja. Siku ile hapakuwa na wa kuningoja, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba nina cha kusema.

Jumamosi Bwana Kanti alifika mapema, anatabasamu. Gari lilikuwa mezani, safi, limefunikwa kitambaa. Alilifunua, akasema "Aa!" kwa furaha, akalibonyeza kwa viganja viwili mbele na nyuma, akaliachia. Pembe tatu zilipanda pamoja, taratibu. Ya nne, ya mbele kushoto, ilibaki chini, ikapanda nyuma ya wenzake kama mtoto aliyelazimishwa kuamka.

Alibonyeza tena. Tabasamu likapungua.

"Fundi, huu mguu mmoja umegoma."

"Najua," baba alisema. Alisimama wima kama mtu mbele ya baraza. "Ni mkono wangu, Bwana Kanti. Umezeeka. Tafuta mtu mwingine, na uwaambie hao wenzako wasije. Nafunga hapa."

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Bwana Kanti alimtazama baba, kisha ule mzigo wa matambara. Akafungua mdomo kusema neno, nami nikamtangulia.

"Ni moja!"

Wote waligeuka. Sauti yangu ilikuwa imetoka kali kuliko nilivyokusudia, kama filimbi.

"Ni moja, Baba. Tundu. Ile ya nne ilikuwa na tundu moja. Mimi nilisema mawili."

Mwiko wa mama ulibaki hewani.

"Mara ya kwanza?" baba akauliza.

"Mara zote mbili."

Alinijia hatua mbili, akainua mkono wa kulia. Nilifumba macho na kukaza shavu. Kibao hakikuja. Nilipofumbua, mkono ule ulikuwa bado juu, baba ameuelekezea uso wake, vidole vimepanuka, na alikuwa akicheka. Alicheka kwa pumzi tu, bila sauti, mabega yakitikisika, na machozi yakamtoka.

"Kwa hivyo ulikuwa sawa," aliuambia mkono. "Ulikuwa sawa wakati wote."

"Yawa, huyu mtu ana nini?" mama alinong'ona.

Baba alikuwa ameshageukia meza. Aliifungua shokabsoba ya nne kwa kupapasa, bila kukosea, akamwaga oili kwenye kikombe, akachomoa fimbo, akabandua klipu, akaipangusa pistoni kwa kitambaa mara tatu. Kisha, mbele ya mteja wake, mbele ya mkewe, akatoa ulimi, akakiweka kile kisahani cheupe kwenye ncha yake, akatulia.

"Moja," alisema.

Mama aliushusha mwiko. Aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo, na utani wote ulikuwa umetoka ndani yake. "Baba Akinyi. Kwa nini unaonja?"

"Kwa sababu sioni."

Baadaye kulikuwa na hospitali, na daktari aliyesema ni mtoto wa jicho na kwamba alipaswa kuja mapema zaidi, na jicho moja lililosafishwa likaona tena vya kutosha. Kulikuwa na wateja waliorudi na wateja ambao hawakurudi. Lakini pale kibandani hatukuyajua hayo. Pale mama alikaa chini mavumbini na nguo yake nzuri, akashika kichwa. Bwana Kanti alivua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya shati ingawa haikuwa na uchafu, akaivaa tena. Alitazama barabarani, kisha akamtazama baba.

"Jumapili ni kesho, Fundi," alisema. "Unamaliza ama humalizi?"

Baba alinyoosha kiganja. "Namaliza. Nyara, nipe yenye matundu mawili."

Nilipekua kifunikoni. Nilihesabu mara tatu, nikaigeuza nikahesabu kwa upande wa pili. Nikamwekea kiganjani. Hakuniuliza lolote. Aliiweka ulimini mbele ya wote, akaikagua muda mrefu kuliko ile ya kwanza, nami nikasimama pale uso unawaka, nikijua kwamba nimestahili.

"Mawili," alisema. Akaivisha kwenye fimbo.

Klipu ilimponyoka. Tulisikia ikigonga ukingo wa meza, kisha tusiisikie tena. Baba alibaki ameinamisha kichwa, fimbo mkononi, uso kuelekea sakafuni ambako hakukuwa na kitu chochote ambacho angeweza kukiona, na hakujifanya tena.

"Nyara," aliuliza, "imeangukia wapi?"

Katika maswali yote aliyowahi kuniuliza, hilo lilikuwa la kwanza ambalo nilijua tangu mwanzo kwamba hana jibu lake. Nikapiga magoti nikaanza kutafuta.